Ile Dili ya Mtumba Iliyokupita Bado Inakuuma? Cheki Vile Inakufanya Ukatae Ingine Poa

Tuseme unaishi Kayole na unasaka mashini ya ovaloki, ile ya kufunga pindo za nguo zisifumuke. Umeanza kushona uniform za shule kwa keja. Cherehani unayo, lakini kila ukimaliza kazi lazima uipeleke kwa fundi mwingine huko Umoja akufanyie ovaloki, na kila nguo anakukata kitu. Siku moja unaskia kuna mathee Komarock anafunga duka arudi ocha, anauza yake thao 12. Unaenda, unaicheki, inashona fiti. Unamwambia, "Sawa mama, wacha nipange, nitakuja Sato." Sato unafika, unapata kibanda kimefungwa. Jirani anakuambia ilibebwa Alhamisi.

Hiyo uchungu unaijua. Labda yako haikuwa ovaloki. Labda ilikuwa njumu Gikomba, laptop ya ex-UK, subwoofer, kiti ya kinyozi, ama ile friji ya jirani aliyekuwa anahama. Kila mtu Eastlands ako na story yake ya "ningejua". Na wahenga walishasema majuto ni mjukuu, so hakuna habari mpya hapo.

Habari ni ile inatokea wiki tatu baadaye. Unapata ovaloki ingine, Mutindwa, hali ni ile ile, jamaa anataka thao 16. Wewe hata huigusi. Unasema, "Zii, hii nilikuwa naipata na 12," unaenda zako. Mwezi unaisha, mwingine unaanza, na bado unapeleka nguo kwa fundi wa Umoja.

Ile ya Komarock ilikupita tu, haikukuibia kitu. Hii ya Mutindwa ndiyo inakula doh yako kila siku, na hujaiona ikikula.

Sasa, hii tabia wasomi waliishika kitambo. Mwaka wa 1995, watafiti watatu wa saikolojia, Orit Tykocinski, Thane Pittman na Erin Tuttle, walichapisha utafiti juu yake kwa jarida la Journal of Personality and Social Psychology. Waliwapatia watu hadithi za kufikiria: ulipata ofa poa, ukaikosa, sasa kuna ofa ingine. Hii ya pili si tamu kama ya kwanza lakini bado iko chini ya bei ya kawaida. Kundi moja liliambiwa ofa ya kwanza ilikuwa chini sana. Kundi lingine likaambiwa ilikuwa chini kidogo tu. Ofa ya pili ilikuwa ile ile kwa wote.

Kwa akili ya kawaida, wote wangefaa kujibu sawa, juu kitu kiko mbele yao ni kimoja na bei ni moja. Lakini wapi. Wale waliopitwa na ofa kubwa ndio walikataa zaidi. Yaani kadiri dili ya kwanza ilivyokuwa tamu, ndivyo mtu anavyoigomea ya pili, hata kama ya pili inamfaa.

Watafiti waliokuja baadaye wamebishana sababu ni gani, na majibu mawili yamekuwa yakirudi. La kwanza ni kwamba ukinunua kwa 16, unakuwa umekubali rasmi kwamba ulipoteza 4,000. Risiti ya makosa yako inakuwa imekaa pale kwa meza, inazunguka na uzi, unaiona kila asubuhi. Ukikataa, unaweza kujidanganya kwamba dili bado iko mahali, inakungoja. La pili ni kwamba ile 12 imegeuka kipimo. Kabla uende Komarock, 16 ingekuwa bei poa. Baada ya Komarock, 16 ni wizi. Mashini haijabadilika. Kilichobadilika ni rula.

Kwangu hii ya rula ndiyo inaelezea Eastlands vizuri zaidi, na sababu ni vile bei ya mtumba inatengenezwa.

Bei ya nani?

Ukienda supermarket, bei ya unga iko kwa rafu. Ukikosa leo, kesho iko pale, labda imepanda shilingi mbili. Mtumba hauko hivyo. Neno lenyewe linamaanisha bunda la nguo, bale, na mwenye kununua bale Gikomba huwa ananunua gizani. Analipa kwanza, anafungua baadaye. Lebo inaweza kusema ni blauzi za wanawake, lakini ndani kuna za maana na za kupanguza meza, na yeye atajua tu akishakata ile kamba.

Bale ikifunguliwa asubuhi mapema, wale wako hapo na cash mkononi wanachagua kwanza. Hiyo inaitwa kamera. Ndio zile nguo unaona baadaye kwa boutique za tao na kwa kurasa za Instagram zikiwa zimepigwa pasi na bei mara tatu. Baada ya kamera, bei inashuka, watu wengine wanachagua. Jioni kimebaki fagia, kila kitu mbao ama ashu, na ukiwa na jicho bado unaweza kutoa kitu safi humo ndani.

So njumu ya saa kumi na mbili asubuhi na njumu ya saa kumi jioni si bidhaa moja, hata kama ni jozi ile ile. Asubuhi unalipia kuchagua. Jioni unalipiwa ujasiri wa kuchagua mabaki. Na hiyo jozi, saizi 42, rangi hiyo, ikienda imeenda. Hakuna stoo nyuma yenye zingine hamsini. Ndio maana kupitwa na mtumba kunauma kuliko kupitwa na ofa ya supermarket.

Vifaa vya kazi viko na kitu cha ziada. Yule mathee wa Komarock hakupanga bei ya thao 12 kwa kuangalia soko. Alipanga kwa kuangalia kalenda. Alikuwa na lori ya kuhama Ijumaa na kodi ya kibanda haijalipwa. Hiyo 4,000 tofauti haikuwa thamani ya ovaloki, ilikuwa bei ya haraka yake. Mwenye wa Mutindwa hana haraka, so hawezi kukupa hiyo bei, na si ati anakuibia.

Ukielewa hivyo utaona mbona Januari vitu vya maana huonekana kwa bei ya kushangaza. Ni fees. Mtu anauza jenereta si juu ni mbaya, anauza juu mtoto anaingia Senior School na fomu imekuja na orodha ndefu kama mkeka.

Kuna wakati soko lote hubadilika na rula ya zamani inakuwa haina kazi kabisa. Machi 2020, serikali ilipiga marufuku kuingiza mitumba juu ya corona, na ikaondoa marufuku Agosti. Katikati hapo mali ikawa kidogo na bei ya bale ikapanda. Msee aliyekuwa anangoja bale irudi bei ya Februari alikaa bila stoki. Aliyekubali bei mpya aliuza kwa bei mpya. Si raha, lakini kibanda kilikuwa wazi.

Piga hesabu na kazi, usipige na hasira

Rudi kwa ovaloki. Tuseme fundi wa Umoja anakukata soo tatu kwa siku ukijumlisha nguo zote. Ukikataa ya 16 ukingoja ya 12, unatafuta kuokoa 4,000. Siku 14 za kungoja ni 4,200. Yaani wiki mbili tu, na ile faida ya kungoja imeisha, na hapo sijahesabu fare ya matatu kwenda Umoja na kurudi, wala wateja walioenda kwingine juu uliwaambia "kesho". Ukingoja miezi miwili, ile ovaloki ya 12 unayoiota itakuwa imekugharimu zaidi ya 30 na bado huna.

Hiyo hesabu haifanyi kazi kwa njumu. Kukosa njumu hakukupunguzii chochote kwa siku, labda tu swag. Kwa njumu, ngoja hadi uchoke. Lakini kwa kitu cha kazi, mashini ya kunyoa, welding, blenda ya juisi, kamera ya picha za harusi, cherehani, kila siku bila hicho kitu iko na bei, na watu wengi hawaijui hiyo bei. Wanajua tu ile ya dili iliyopita, na wanaikumbuka hadi na senti.

Kuna mchezo mwingine akili yako inacheza. Kitu ulichokosa huwa hakiharibiki. Ile ovaloki ya Komarock, kwa kichwa chako, bado inashona, haijawahi kukata uzi, haijawahi kuchoma mota. Ni mashini ya mbinguni. Ile ya ukweli, aliyeibeba Alhamisi labda ameshabadilisha lupa mara mbili na anamtafuta mathee kwa simu. Hutajua. Na dili zote mbovu ulizokataa, zile zingekufilisi, hizo hukumbuki hata moja, juu hakuna mtu hukaa base kusimulia TV ya kupasuka ambayo hakuinunua.

Tena hii kitu hudumu. Thomas Gilovich na Victoria Medvec, waliofanya utafiti juu ya majuto Marekani miaka ya tisini, walipata kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi vitu walivyofanya, lakini ukiwauliza kuhusu maisha yao kwa jumla, wanajutia zaidi vitu ambavyo hawakufanya. Sababu moja ni kwamba makosa ya kufanya yana mwisho: ulinunua simu feki, ilikufa, ukalia, ukatupa. Lakini kitu ambacho hukufanya hakina mwisho, kila mwaka unaweza kuongezea story. Ndio unaskia wazee wa Buruburu na Umoja wakisimulia ploti za Ruai walizokataa kama wameshindwa kura jana.

Wauzaji wanalijua hili vizuri kuliko maprofesa. Ukifika kwa kibanda, ukaulize kitu, jamaa atakuambia, "Boss, ungekuja asubuhi! Kulikuwa na moja clean, imeenda na thao tu." Labda ni ukweli. Labda hakukuwa na kitu. Kazi ya hiyo sentensi ni kukufanya ujute kitu ambacho hujawahi kuona, ndio uogope kupitwa na hiki kiko mbele yako. Hapo unanunua kwa woga. Sasa una magonjwa mawili tofauti: kupitwa na dili ya ukweli kunakufanya ukatae, kuogopeshwa na dili ya hewa kunakufanya ukimbilie. Dawa ni moja, ujue bei ya kitu kabla utoke nyumbani. Uliza wauzaji watatu ambao hawajuani, na usihesabu wa haraka kama yule mathee. Hiyo ndio bei. Kisha amua mwisho wako, uiandike kwa simu, na ikiwa kitu kiko chini ya hapo na kinafanya kazi, chukua, hata kama wiki iliyopita kilikuwa nusu.

Zingine ziache zipite

Kuna dili za bei ya kutupa ambazo hazifai kukuuma hata sekunde. Simu ya thao tatu ambayo dukani ni thirty, msee anaiuza akiangalia nyuma kila saa, hana chaja, hajui password. Kifungu cha 322 cha sheria ya makosa ya jinai kinasema ukipatikana na mali ya wizi ukijua, ama ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, unaweza kufungwa hadi miaka 14. Sikiza hapo kwa "sababu ya kuamini". Bei yenyewe inaweza kuwa hiyo sababu. Karao akikuuliza mbona uliinunua thao tatu, utajibu nini?

Na kuna ile ya kuongea kwa sauti ya chini. Marekani kuna wazee kibao ambao majuto yao ya maisha ni bunduki ya mtumba waliyoiacha kwa duka miaka ya themanini, pamoja na vile vifaa vya kujaza upya maganda ya risasi nyumbani. Wanasimulia vile sisi tunasimulia njumu. Kule ni hobi, mahali pengi ni halali. Hapa Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema huwezi kumiliki bunduki wala risasi bila cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na hiyo bodi inaweza kukukatalia. Hakuna cha kununua kutoka kwa jirani halafu upange makaratasi baadaye. Risasi zenyewe zinatengenezwa na shirika la serikali, Kenya Ordnance Factories, huko Eldoret. Mambo ya kujaza maganda kwa keja Dandora sahau.

So mtu akikunong'onezea ako na chuma ya bei rahisi, jiulize mbona ni rahisi. Kwa nguo, bei ya chini ni fagia. Kwa ovaloki, ni haraka ya mathee. Kwa chuma, bei ya chini ni historia. Maabara ya polisi inaweza kulinganisha ganda la risasi lililookotwa mahali mtu aliuawa na bunduki iliyopatikana baadaye, na ikipatikana kwako, wewe ndiye utaanza kujieleza, hata kama ulikuwa shule siku hiyo. Hiyo ni kama ulifika kortini. Vijana wa hii side wanajua kuna wengi waliodaiwa kuwa na chuma na hawakufika. Mathare Social Justice Centre waliandika ripoti nzima mwaka wa 2017 juu ya vijana waliouawa na polisi mtaani. Juni 2021 serikali ilichoma bunduki haramu 5,144 huko Ngong. Kila moja ya hizo kuna mtu mahali aliwahi kuiona ni dili.

Ukiipata ya pili

Haya, tuseme umepiga hesabu na umerudi Mutindwa. Ile ya 16 bado iko. Usianze na story ya Komarock, muuzaji haimhusu, na inamwambia tu kwamba unaumwa. Mwambie unataka kuijaribu, na uwe umebeba kitambaa chako mwenyewe, kile unachoshona kila siku, kizito na chepesi. Wauzaji hupenda kujaribu na kipande kimoja ambacho mashini imekizoea.

Skiza ikizunguka bila kitambaa kwanza. Ikigonga chuma kwa chuma, sindano inagusa lupa, na hiyo si kelele ya uzee, ni pesa. Pitisha kitambaa, angalia kama kisu kinakata pindo safi ama kinatafuna. Vuta mshono kwa mkono, ukifumuka upesi uliza kama ni uzi ama ni tenisheni. Kisha chungulia chini ya meza uone mota. Zile mota za zamani za klachi huzunguka na kula stima muda wote swichi iko juu, hata kama umeenda kunywa chai, na tokeni zitakuambia mwisho wa mwezi. Mota ya servo huzunguka ukikanyaga tu. Ikiwa ni klachi, una sababu ya kuomba punguzo, na hiyo ni sababu inayohusu hii mashini, si ile ingine.

Anza 14. Akikuambia 15,500, cheka kidogo, mwambie 15 na uzi koni mbili. Lipa kwa M-Pesa ili jina lake likae kwa meseji, andikiana kikaratasi, piga picha kitambulisho chake na namba ya mashini.

Kama unabeba na nduthi, chukua kichwa peke yake, meza na mota zifuatwe baadaye na pikapu. Na kabla ukifunge, mwambie jamaa amwage oili iliyo kwa tenki ya chini. Watu wengi husahau, mashini inalala kando barabarani, oili inamwagika yote kwa suruali ya mwenye nduthi, na ukifika Kayole unaichomeka stima ikiwa kavu.